Malalamiko Kuhusu Kupandishwa kwa Toni ya Mtoto Wangu

Kwa Bwana Tarsem,
Msimamizi wa Kliniki ya Watoto,
Westlands.

Bwana mheshimiwa,

Natumai u mzima, pamoja na wafanyakazi wako wote, ukimtoa mmoja ambaye ndiye sababu ya barua hii.

Mimi ni Jackton Sifuna, fundi wa mabomba, mkazi wa Muthangari na mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa letu. Jumanne iliyopita mimi na mke wangu Veronicah tulimleta mwanetu Makokha, wa miezi mitano, kwa kuwa shingo yake bado haijakaza. Mtaalamu wenu wa mazoezi ya viungo, Bi Simran, alimpapasa, akamgeuza, akasema: "Baba Makokha, usiogope. Mtoto ako na toni ya chini, lakini tutaipandisha polepole."

Mke wangu alitokwa na machozi. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti. Babu yangu alikuwa besi, baba yangu besi, na sasa mtoto hajaota jino na tayari toni iko chini! Tulikuwa tumefika nyumbani ndipo lile neno "tutaipandisha" liliponiingia. Nalalamika hivi:

1. Hakuna aliyetuomba ruhusa. Toni ikipandishwa, mtoto anakuwa teno. Mateno tunao, na wote ni wa upande wa mke wangu.

2. Bi Simran ameagiza mtoto alazwe kifudifudi kila siku akiwa macho. Bwana, nimeimba harusini na matangani, na sijaona mtu akifunzwa kuimba akiwa amelalia tumbo. Pumzi itatoka wapi?

3. Nilipouliza kama toni ya chini ni ugonjwa, alijibu, "Si ugonjwa, ni dalili tu." Nilipeleka jibu hilo kwenye mazoezi ya kwaya. Mzee Ogutu, mkubwa wetu wa besi, hakuimba tena jioni hiyo. Siku hizi anashinda akijipapasa koo.

4. Veronicah anamfanyisha mtoto mazoezi hayo nikiwa kazini. Nyumba imegawanyika, na shemeji yangu, teno, ametuletea mkeka.

Kwa hivyo naomba toni ya Makokha iachwe ilipo, Mzee Ogutu aombwe radhi, na kliniki iajiri mtu wa besi akae mapokezi, awatie moyo wazazi.

Wasalimie askari wa langoni, na yule mama wa mapokezi aliyembeba mtoto nikitafuta viatu vyake.

Wako kwa heshima na kwa sauti ya nne,
Jackton Sifuna
(besi wenzangu wote wametia sahihi nyuma)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Veronicah ameisoma barua. Amecheka mpaka akaketi chini, kisha akanishika mkono, akanieleza. Kumbe toni aliyoisema Bi Simran ni ya misuli: jinsi msuli unavyojikaza kidogo wenyewe hata mtu akitulia. Ya Makokha imelegea, hasa shingoni. Sauti haimo kabisa.

Basi nikajilaza kifudifudi mkekani, uso kwa uso na mwanangu, nikamwimbia noti ya chini kuliko zote nilizo nazo. Bwana Tarsem, ameinua kichwa! Kimetikisika, kimesimama kidogo, kikaanguka, naye akaachilia ukelele wa soprano ambao ukoo wetu haujawahi kuusikia.

Barua naituma hivyo hivyo, maana sahihi za watu sijui nitazirudishaje. Lakini Jumanne tunakuja mapema. Mwambie Bi Simran apandishe.