Zamu Yangu ya Kusomeshwa Apewe Mjukuu Wangu

Bi. Euphemia Rattray,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto,
Dundee.

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ada za Wanafunzi.

Ndugu Mkuu,

Salamu kwanza, maana nililelewa. Natumaini wewe na wa kwako hamjambo, na kama mama yako yu hai, natumaini hajui kazi unayofanya.

Mjukuu wangu Morven amekubaliwa chuo kikuu kusomea sheria, ile kozi ya miaka miwili ya watu ambao tayari wana shahada nyingine. Chuo kinataka jibu lake kabla ya Ijumaa ijayo, la sivyo nafasi anapewa mtu mwingine. Aliwaomba ninyi mumlipie ada. Mmemjibu kwamba hastahili, kwa kuwa shahada yake ya kwanza mlimlipia, na msaada wenu mtu huupata mara moja tu. Alinisomea barua hiyo jikoni, akaikunja, akasema, "Basi, Bibi. Nimeshakula zamu yangu." Kisha akavaa koti akarudi kazini kwake, kwenye ile ofisi ya simu ambako kutwa nzima hutukanwa na watu wenye mashine za kufulia zilizoharibika.

Mimi nikikasirika sisemi, naoka. Nimeoka tangu Jumanne. Leo unga umekwisha, kwa hiyo naandika.

Malalamiko yangu ni haya, na uyasome ukiwa umeketi.

1. Barua yenu imetiwa sahihi na "Timu ya Ustahiki". Timu! Hapa Dundee tunazo timu mbili, viwanja vyao viko mtaa mmoja vinatazamana kama wake wenza, na zote mbili zimenivunja moyo tangu nikiwa msichana. Lakini hakuna hata moja iliyowahi kumwandikia mjukuu wangu kwamba hastahili. Mtu akikataa jambo, aweke jina lake, ili tujue ni mtoto wa nani.

Nilipiga simu kumuuliza huyo nahodha. Mashine ikaniambia kwamba simu yangu ni ya thamani kubwa kwenu, halafu ikanipigia kinanda mpaka viazi vikaungua.

2. Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba elimu haina mwisho. Kumbe mwisho upo, na ninyi ndio mmeketi pale na lango lenu. Na hiyo shahada ya kwanza mnayoililia, hebu tuitazame. Morven alisomea mambo ya kale. Mlimpeleka visiwa vya Orkney, akapiga magoti kwenye mvua akichimba shimo kwa brashi ya kupakia rangi, na mwisho wa shimo akapata jino la kondoo. Profesa wake alifurahi hadi akatokwa na machozi. Mimi sisemi kitu. Ila kondoo tunao mpaka leo, na wana meno.

3. Mtoto wa miaka kumi na minane asiyejua hata kukunja shuka, akitaka kusomea sheria, mnamlipia miaka minne. Morven, ambaye tayari anajua kusoma, kuandika na kuvumilia mvua, anataka miwili tu. Mnalipia safari ndefu, safari fupi mnasema ghali. Mwenye duka akipiga hesabu namna hiyo, watoto wake watamficha funguo.

4. Sasa nikueleze kwa nini sheria, usije ukadhani msichana anatafuta kuvaa joho. Ghorofa ya pili, chini yangu, anakaa Nettie Soutar. Mwenye nyumba alitaka kumtoa ili apangishe watalii. Walipoitwa kwenye baraza la nyumba, mwenye nyumba alikuja na wakili mwenye viatu unavyoweza kujitazamia. Nettie alikuja na Morven, na mfuko wa plastiki wenye karatasi. Morven alizungumza vizuri hata mimi nikasahau kukohoa. Nettie akapewa muda wa kukaa mpaka kikao kingine. Wakati wa kutoka yule wa viatu akamuuliza, "Na wewe, binti, ulisomea wapi sheria?" Morven akasema, "Mimi nachimba." Akacheka, yule bwana. Alicheka hadi mlangoni.

Kikao kingine kinakuja, na baada yake vingine, maana mwenye nyumba ana majengo matano kama letu. Nettie hulala na nguo zake zimefungwa kwenye sanduku. Ninyi mnasema msichana kashakula zamu. Haya, tuzungumze habari ya zamu.

5. Kama wewe unakaa nyumba yenye bustani, huenda hujui. Sisi tunaotumia ngazi moja tuna kadi. Inatundikwa kwenye kitasa cha mlango: "Ni zamu yako kuosha ngazi." Ukimaliza, unaihamishia mlango wa pili. Nettie alipovunjika nyonga, kadi ikifika kwake niliichukua mimi, nikaosha kwa niaba yake, na mbele ya wote wa ngazi ikahesabika kwamba Nettie ameosha. Hakuna aliyemwambia, "Nettie, nyonga yako haistahiki." Zamu ya mtu aweza kuifanya mwingine, mradi kazi ifanyike na ngazi ing'ae.

Sasa basi. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano, siku ya Ijumaa. Jumatatu nilikuwa kiwanda cha magunia, kwenye mashine zenye kelele mpaka tukawa tunasemezana kwa midomo na vidole. Serikali haijanilipia hata kalamu tangu siku hiyo. Zamu yangu ipo, mpya, haijafunguliwa. Naomba kwa heshima zote itundikwe kwenye mlango wa Morven.

Usiniambie niitumie mwenyewe. Nina miaka sabini na minane, akili yangu imekauka kama mkate wa juzi, na darasani sitaki kuonekana. Zamu yangu ni ya miaka minne, yeye anahitaji miwili. Miwili inayobaki kaeni nayo, mnunue viti vya kuketisha hiyo timu.

Nilimsomea sehemu hii Bwana Geddes wa chini, yule mfuga njiwa. Akasema, "Effie, tangu lini serikali ikaosha ngazi?" Nikamwambia ndiyo maana imejaa uchafu.

6. Kama zamu moja haitoshi, nina nyingine. Marehemu mume wangu Dod alikufa na yake haijaguswa. Morven amerithi saa yake, amerithi koti lake, amerithi na masikio yake, maskini. Hakuna aliyempinga. Kwa sheria gani anarithi masikio asirithi zamu?

Na bibi yangu mzaa mama alikuwa mwanafunzi wa nusu siku: asubuhi darasani, mchana kiwandani, akisinzia kote kuwili. Yaani alipewa nusu zamu. Nusu yake ya pili iko kwenu hadi leo. Nettie naye anatoa ya kwake, na Bwana Geddes anatoa ya kwake japo anasema nimekuwa mwendawazimu. Ukipanda ngazi yetu kutoka chini hadi juu, utakuta zamu zimejaa kama chupa tupu za maziwa. Ukiongeza mtaa mzima, pamoja na wale wanawake wote wa magunia waliolala makaburini, kwa haki mnatakiwa kutupa chuo kikuu kizima. Hatutaki makuu. Tunataka kiti kimoja.

7. Ya saba nilikuwa nayo nilipokuwa naosha vyombo, imenitoka. Acheni nafasi yake, nitaileta kwa mkono.

8. Mkikataa yote hayo, basi tatizo ni ile shahada ya kwanza, nasi tutaiondoa. Ofisi yenu ikitupa nauli ya feri, mimi na Nettie tutakwenda Orkney na makoleo tulifukie lile shimo. Tutalishindilia kwa miguu mpaka nyasi zenyewe zikane kwamba palichimbwa. Jino halisi lipo makumbusho, walikataa kulitoa, lakini nimefunga humu jino lingine la kondoo nililopewa na muuza nyama. Ni bora kuliko lile, halina ufa. Baada ya hapo Morven atakuwa hajachimba, hajapata kitu, hajasomeshwa, na mtaweza kuanza naye upya kama mtoto aliyezaliwa jana.

Morven ataniuliza nimeandika nini, nami nitamwambia ni habari za hali ya hewa. Yeye ana aibu. Tangu barua yenu ifike hajafungua vile vitabu vya sheria alivyoazima maktaba. Amevirundika karibu na mlango, tayari kuvirudisha, na kila nikipita navirudisha juu ya meza. Jana alinikuta. Akasema, "Bibi, acha." Mimi si mtu wa kuambiwa acha, lakini jinsi alivyosema, niliacha.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, kabla ya Ijumaa. Nimekuita mwanangu, sasa ujiheshimu.

Nisalimie wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo, wanaopika chai na wanaofagia. Isalimie na timu. Aliyechagua kile kinanda cha simu asisalimiwe.

Ni mimi niliye na hasira na adabu kwa pamoja,

Euphemia Rattray (Bi.)

Nyongeza:

Morven amerudi mapema na kunikuta nalamba bahasha. Amenipokonya. Ameisoma barua akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena akiwa na penseli. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nadhani alikuwa analia. Akasema, "Bibi, hoja zako zote ni mbovu, haki ya Mungu. Lakini iko moja umeipita bila kuiona." Akatoa masharti yenu, akanionyesha kwa kidole. Asiyewahi kusomeshwa chuo kikuu analipiwa. Na umri haukutajwa popote.

Nikamwambia asiwe mpumbavu. Kisha nikamuuliza masomo yanaanza lini.

Kwa hiyo futa yote niliyoandika hapo juu. Zamu ya mtu haihamishwi. Ni ya kwake, na asiyekula ya kwake ni shauri yake. Yangu naitaka mwenyewe, nisomee sheria, miaka yote minne, na ile miwili niliyowapa ya viti naichukua. Akili haijakauka, nilisema vile kwa ajili ya barua. Wenzangu wa ngazi wamezirudisha zamu zao mfukoni, na Bwana Geddes anauliza kama kuna shahada ya njiwa.

Morven, kwa kuwa mmesema hastahili, hatakanyaga darasani kwenu. Mimi nitakwenda mchana nilete vitabu na kila walichosema, yeye jioni atanieleza maana yake hapa jikoni. Nimesoma masharti yenu hadi mstari wa mwisho, na hakuna panapokataza mtu kula chakula na bibi yake. Vitabu amevirudisha mezani mwenyewe.

Siku nikisimama barazani kumtetea Nettie, Morven atakaa kiti cha nyuma yangu, na mimi kusoma mdomo wa mtu nilijifunza kwenye kelele za magunia. Mkiniona nageuka kidogo na kunyamaza kabla ya kujibu, msidhani ni uzee. Namsikiliza wakili wangu.