Siku Mama Mkwe Aliponyanyua Kibendera

...Na akaitoa, jamani, akaitoa kadi nyekundu mchana kweupe! Sogeeni, enyi mliobaki nyumbani mkifua, mpate habari za Fundi Cherehani, binti wa sindano, mshona sare za shule, aliyeshika filimbi Jumapili kwa mara yake ya kwanza, Waokaji dhidi ya Maseremala, mechi ambayo msimu huu imeshakimbiza waamuzi wawili! Katibu wa ligi alimwambia wazi: "Hii ikivunjika, dada, filimbi unarudisha."

Dakika ya sabini mpira ukaruka kuelekea goli la Maseremala, Fundi akaufuata mbio, kaptula aliyoishona mwenyewe ikipepea kama bendera ya jeshi. Nyuma yake, paaa! Kugeuka, loh! Mshambuliaji wa Maseremala kalala chali kama ubao, kashika kisogo.

Filimbi ikalia. Majeshi yakamzunguka.

"Ni Tanuri! Mtoe!" walinguruma Maseremala, wakimnyooshea kidole kipa wa Waokaji, jitu linalopita mlangoni kiubavu.

"Kajiangusha huyo!" wakajibu Waokaji.

"Dada," Tanuri akalia machozi kabisa, "mimi hata inzi simgusi."

Pembeni, namba kumi na moja wa Waokaji, ambaye ni shemeji yake Fundi, alikuwa amechuchumaa anafunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.

Fundi akapaza sauti: "Enyi wana wa unga na wana wa randa! Nisichokiona sikihukumu kwa kukisia, kama nisivyokata suruali ya mtu bila kumpima!"

"Acha cherehani, toa kadi!"

Wakacheka, lakini yeye akaanza kupiga hesabu. Hakuona kitu! Akimtoa Tanuri bure, Waokaji wataondoka. Asipotoa mtu, Maseremala wataondoka. Filimbi kwaheri.

Ndipo ukuta wa watu ukaachana kidogo, na kule kwenye mstari akaiona bendera imesimama. Mama mkwe wake! Mwalimu mstaafu, mwamuzi msaidizi, aliyebaki nyuma na mabeki mpira ulipoondoka. Kibendera chake cha pazia kuukuu la jikoni kilikuwa juu muda wote huo, watu wamemziba. Fundi akavuka nyika ile, hatua thelathini.

"Mama, umeona?"

"Kwa macho yangu mawili. Kofi la kisogoni, mpira uko mbali. Namba kumi na moja."

Fundi akainama sikioni mwake. "Mama... huyo si kitinda mimba wako?"

"Nimemzaa mimi, sijasahau. Kadi unayo?"

Akatia mkono mfukoni, akachomoa futi ya kupimia nguo.

"Unampima suti?" uwanja ukaangua kicheko.

Akachomoa chaki. Mara ya tatu, enyi vizazi vijavyo, ikapaa nyekundu!

"Mama! Hata wewe?" Shemeji akalia.

"Hapa hakuna mama, kuna kibendera. Toka! Na hivyo viatu vya matope usiniingizie ndani."

Akatoka, kichwa chini. Tanuri akamnyanyua Fundi juu kama mkate uliotoka jikoni. Mechi ikaisha dakika zote tisini, na Katibu, kwa kalamu inayovuja, akaandika jina la Fundi kwa Jumapili ijayo.

Sasa, Fundi, Mama na Shemeji wanakula meza moja, na jioni ile zamu ya kupakua chakula ilikuwa ya Shemeji. Sahani ya Fundi ilivyofika mezani, aa, hiyo nitawasimulia kesho asubuhi. Leo mbavu zangu haziwezi tena.