Kengele Kumi za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe kaleta saa yake ya ukutani. Kaitengeneza mwenyewe: mbao kwa randa, magurudumu kwa tupa, timazi la shaba linabembea kwa madaha. Anastaafu. Karakana atamwachia mmoja wa wakwe zake wawili: mimi, au mwanyumba wangu, mume wa shemeji, yule Bwana Maringo. Wiki hii saa inakaa kwangu, wiki ijayo kwake. Atakayeitunza vizuri atapewa funguo za karakana. Sharti: nitie ufunguo mara moja, nisiguse kingine. Nimeapa.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi saa moja, imepiga mara saba. Saba! Sote tunasema saa moja, yenyewe inabisha. Mzee kaishi na aibu hii miaka thelathini na hakuna aliyemsaidia. Nitamsaidia. Maringo hana akili ya namna hii.

Jumatano, 5 Machi
Nyuma ya mishale kuna kijichuma. Ukikivuta, kengele inapiga na hesabu yake inasogea moja mbele; ikipita kumi na mbili inaanza upya. Mishale haina habari. Nimekivuta mara sita. Saa mbili, kengele mbili! Mke wangu kasema nirudishe, eti baba yake macho yamefifia, saa anaisikiliza tu, na masikio yake yana mazoea. Nimemwambia haya ni mambo ya kiufundi. Kaenda zake jikoni. Sijali.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mzee kaja kukagua. Kala mchana, kasinzia kitini. Saa kumi, kengele kumi. Kashtuka. Kwake kengele kumi ni saa nne, na kwa vile kalala, ni saa nne usiku. Kauliza mkwe gani anamlaza mzee na njaa.

Mwenye akili angekiri. Mimi nimefunga mapazia, nikawasha taa, nikamwandalia chakula cha usiku. Kala kwa shida. Kasema usiku huu una joto sana. Nimemwambia ndiyo hali ya hewa ya siku hizi.

Saa kumi na moja, kengele kumi na moja. Nani anapiga hodi? Maringo! Mzee kamfokea: anakwendaje kwa watu saa tano usiku? Jamaa kaanza kuomba radhi. Raha niliyoipata haina mfano. Imedumu dakika mbili. Mke wangu kafungua pazia, jua likampiga mzee usoni.

Hakufoka. Kasimama, kapapasa nyuma ya mishale, kavuta kijichuma mara sita, hesabu ikarudi. Kisha kauliza taratibu kama humu ndani hakuna hata mmoja aliyenikataza. Nikasema yupo, binti yako. Funguo kampa binti yake.

Nimeumia. Sina la kuongeza.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya kwanza karakana. Bosi ni mke wangu. Maringo anapiga msasa, mimi nafagia. Ananicheka, nami namcheka, maana wote tumeajiriwa. Saa imetundikwa juu ya mlango. Bosi kasema kazi inaisha kengele tano, yaani saa kumi na moja. Hana muda wa kutazama mishale, anasikiliza tu kama baba yake.

Nimepanda ngazi kupangusa vumbi. Kijichuma kipo palepale. Nikikivuta mara mbili tu, kesho tunafunga saa tisa.