Posa ya Amherst na Kengele ya Gurtmatt

Jamani, leo nimejiaibisha mara mbili katika mtaa mmoja, na kati ya aibu ya kwanza na ya pili hazikupita dakika kumi. Naandika nikiwa garini. Papa Jolie ndiye anayeendesha, na kila tukisimama kwenye taa nyekundu anaanza kucheka upya. (Nimemwomba aache. Hasikii la mtu.)

Kwa msionijua vizuri: mimi ni Zakaria, Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, sasa naishi Linden kule Columbus na nafunga maboksi ghalani. Dada yangu, Mama Dezire, yuko Louisville. Mwezi uliopita alinipigia simu. Mwanawe Dezire amepata mchumba, anaitwa Annelie, wanafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunza wazee. Wazazi wa binti wako Amherst, karibu na Buffalo. Asili yao ni Uswisi, kijiji kidogo kinaitwa Gurtmatt.

"Wewe ndiye msemaji wetu," dada akasema. "Na usituaibishe."

Mimi? Niaibishe? Nilikasirika siku nzima.

Sasa sikilizeni mila, maana bila mila hamtanielewa. Kwetu mtu huulizwa kilima chake, yaani kwao ni wapi, hata kabla ya kuulizwa jina. Msemaji wa posa lazima akijue kilima cha wakwe: mto gani unapita, balaa gani liliwapata, walitokaje. Wakwe nao wana kazi yao, nayo ni kukataa. Msemaji wao anasimama, anakunja uso, anasema binti huyo hatumjui, mmekosea nyumba. Akikataa sana ndiyo heshima yenyewe. Wewe unacheka, unatoa kinywaji, unaendelea. Lishikeni hilo neno, "mmekosea nyumba". Ndilo lililonimaliza.

Basi nikasoma. Wiki tatu! Annelie alinitumia maelezo aliyoyaandika kutoka mdomoni mwa bibi yake, Bibi Rosa, aliyezaliwa huko huko Gurtmatt. Huyo bibi ndiye mwenye kauli nyumbani kwao. Alikuwa amemwambia mjukuu wake hivi: "Waje, niwaone kama ni watu wa kuchukulia mambo kwa uzito. Kama sivyo, huendi popote." Na waje saa nane kamili. Si saa nane na dakika tano.

Kwa hiyo niliijua Gurtmatt kuliko ninavyoijua Columbus. Kijiji kimebanwa kati ya milima miwili. Mto unatoka kwenye barafu, maji yake yana rangi ya maziwa. Miezi mitatu ya baridi jua haliwafikii kabisa, mlima umelificha. Mwezi wa sita ng'ombe wanapandishwa juu na maua vichwani. Zamani theluji iliporomoka ikachukua kanisa lote, ikaacha kengele tu, wakaenda kujenga kanisa jipya ng'ambo ya mto. Kisha viazi vikaoza shambani na nusu ya kijiji ikahamia Amerika. Nilifanya mazoezi ghalani, maboksi yakipita mbele yangu. Papa Jolie, Mkongomani wa Kivu tunayefanya naye zamu, alinisikiliza mpaka akaweka mkono kiunoni.

"Donc, jua inapotea miezi tatu, na bantu banabaki tu kule?"

"Wanabaki."

"Bon. Hao ni ba kichwa nguvu. Na mimi nitakuja."

Ndivyo alivyoingia kwenye msafara.

Leo alfajiri Dezire na mama yake walitoka Louisville, wakatupitia Columbus, tukafuatana magari mawili. Njia nzima nilikuwa nikirudia mto na kengele. Tulipokaribia Amherst ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini. Dada akataka kusimama kituo cha mafuta abadilishe nguo, avae imvutano yake, vazi letu la sherehe. (Kuvaa imvutano kwenye choo cha kituo cha mafuta si kazi ya dakika mbili. Ni kama kukunja hema ndani ya kabati.)

"Ninyi tangulieni!" akapiga kelele kutoka dirishani. "Bibi anataka saa!"

Dezire akanielekeza: "Mjomba, ni nyumba ya tatu kushoto. Ya matofali. Ina bendera nyekundu na nyeupe mlangoni. Huwezi kuikosa. Relax."

Nilikuwa na namba ya nyumba pia. Ilikuwa kwenye simu, simu ilikuwa mfukoni, na mikono yangu ilikuwa imebeba kreti ya vinywaji. Halafu barabara ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, ramani ikatuzungusha, tukaingia mtaani kwa upande wa pili. Hilo sikulifikiria. Nilihesabu: moja, mbili, tatu, kushoto. Matofali. Bendera ipo, imejikunja kwenye mti wake, nyekundu na nyeupe. Saa nane kasoro dakika mbili! Nikajisifu moyoni.

Akafungua mzee mmoja mrefu, kavaa ndara, kashika kijiko. Nikainama kidogo, nikaanza kwa Kiingereza changu cha ghalani.

"Baba, amani iwe hapa. Tumetoka mbali. Tumeuona moshi wa nyumba yenu, tukasema hapa kuna watu."

"Moshi?" Mzee akageuka, akakimbia jikoni. Tukamsikia akifungua oveni. Akarudi anahema. "Hakuna moshi."

Papa Jolie akaninong'oneza: "Ameshaanza."

Nami nikafurahi. Nilikuwa na wasiwasi kwamba hawa hawajui mila, kumbe huyu alikuwa bingwa. Nikaingia, nikaweka kreti chini, nikakaa. (Hakuna aliyenikaribisha. Sasa ndiyo naliona.) Nikasema tumekuja kwa ajili ya binti wa nyumba hii, Annelie.

"Hapa hakuna Annelie," mzee akasema. "Naishi peke yangu. Na paka."

"Ha!" nikacheka.

"Kweli kabisa. Nadhani mmekosea nyumba."

Jamani! Neno kwa neno! Nilimgeukia Papa Jolie, naye macho yalikuwa yamemjaa furaha.

"Anakatala muzuri huyu muzee! Bon, mupe ya kufungua kinywa."

Papa Jolie akafungua chupa, akamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyopasa. Mzee akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Akatazama mlango. Kisha akakaa, akanywa. Na kwetu mtu akishakunywa, amekubali kusikiliza.

Nikasimama. Nikatoa Gurtmatt yote. Nikaupitisha mto, nikalificha jua, nikawapandisha ng'ombe mmoja mmoja. Mzee mwanzoni alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, baadaye akaegemea. Nilipofika kwenye theluji akaweka chupa chini.

"Kanisa lote?"

"Lote, baba. Ikabaki kengele."

"Na kengele waliipata wapi?"

Hapo nikakwama kidogo, maana maelezo ya Annelie hayakusema. Nikajibu kwamba hilo wanalijua wazee wa nyumba hii kuliko mimi. Nikaona amechanganyikiwa. Nikadhani ni unyenyekevu. Nikafika mwisho, nikafungua mikono yangu miwili: "Sasa baba, wewe mwana wa Gurtmatt, unatupa binti?"

Mzee akaisogeza chupa kando. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa: "Bwana, mimi naitwa Gordon. Ni Mkanada. Uswisi sijawahi kufika. Lakini nasikitika sana kuhusu lile kanisa."

Simu ikaita. Dada.

"Mko wapi? Ni saa nane na nusu! Tumekaa ndani, bibi anaitazama saa ya ukutani!"

"Na sisi tuko ndani," nikasema.

"Ndani ya wapi?"

Nikatazama dirishani. Upepo ukaja wakati huo huo, bila haya, ukakunjua bendera. Katikati palikuwa na jani. Jani jekundu, kubwa, la Kanada! Na kule mbele, upande wa pili wa barabara, kulikuwa na nyumba nyingine ya matofali yenye msalaba mweupe wa Uswisi ukipepea.

Sijui nilisema nini kwa Bwana Gordon. Najua nilibeba kreti nikakimbia. Papa Jolie nyuma yangu. Na nyuma ya Papa Jolie, Bwana Gordon na ndara zake na chupa yake mkononi, maana alisema hawezi kulala bila kujua kengele ilipatikana wapi.

Nikaingia kwenye nyumba sahihi jasho likinitoka hadi kwenye soksi. Dezire alikuwa amebaki garini, kwa mila, mpaka aitwe. Dada alikuwa kwenye kochi. Bibi Rosa kwenye kiti chake, mdogo, mkavu, mikono juu ya mkongojo, macho juu ya saa. Nikafungua mdomo nianze. Lakini baba wa binti, Bwana Peter, alikuwa ameshasimama. Alikuwa na karatasi mkononi na uso mgumu.

"Hapa hakuna msichana anayeitwa Annelie," akasema. "Hatumjui. Mmekosea nyumba."

Akili yangu ikazima.

Wallahi mimi ni mlokole lakini nitaapa: ikazima. Nilijiona mjinga wa dunia nzima. Nyumba ya pili! Nikasema, "Samahani sana, baba, samahani, tunaondoka." Nikanyanyua kreti. Najua mtauliza: dada yangu si alikuwa amekaa pale pale na imvutano yake? Alikuwepo. Nilimwona vizuri. Nikafikiri na yeye amekosea.

"Dada, inuka," nikamwambia. "Tumekosea tena."

"Zakaria!"

"Inuka twende!"

Nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye gari, kreti iko kwenye buti, nafunga, ndipo Annelie akaja mbio, peku, nywele zimefungwa nusu.

"Mjomba! Mjomba, rudi! Baba anaigiza! Nimemfundisha kukataa wiki tatu!"

Wiki tatu. Mimi nilikuwa najifunza kilima chao, na yule bwana alikuwa anajifunza mila yangu. Nilimkuta pale pale alipokuwa, amesimama na karatasi yake, masikio mekundu.

"Nilikosea mahali?" akaniuliza.

"Hapana, baba," nikasema. "Umekataa vizuri mno."

Bibi Rosa akaitazama saa tena. Dada alinitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu utotoni. Nilielewa kwamba kama posa hii inakufa, inakufa mikononi mwangu, na yule mtoto garini ananisubiri nimwite. Nikasimama katikati ya sebule nihutubu.

Hakuna kitu. Kichwa cheupe. Nikasema mto unapanda kwenye barafu. Nikasema ng'ombe walihamia Amerika. Nikasema viazi viliporomoka vikachukua kanisa. Papa Jolie akafumba macho.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni: "Hapana. Ilikuwa theluji. Viazi vilioza baadaye."

Ni Bwana Gordon. Kasimama na ndara zake. Na akaendelea, jamani! Akalificha jua miezi mitatu. Akajenga kanisa ng'ambo ya mto. Hakukosea hata ng'ombe. Kisha akamgeukia Bibi Rosa, akamuuliza kwa adabu: kengele waliipata wapi?

"Huyu nani?" bibi akauliza.

"Jirani," Bwana Gordon akasema. "Nyumba yenye jani. Ni mwaka wa tisa sasa. Posa ilianzia kwangu."

Miaka tisa hawajawahi kupeana hata salamu! Bibi akamtazama. Akanitazama mimi. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinatafuta pa kutokea. Alicheka mpaka mkongojo ukaanguka. Kisha kweli akalia kidogo, akafuta macho kwa mkono.

"Mbuzi wa babu yangu ndiye aliyeipata," akasema. "Ilikuwa imelala mdomo juu, imejaa maji ya theluji. Mbuzi alikuwa anakunywa humo. Hata mwanangu huyu sijawahi kumwambia, kwa sababu hajawahi kuuliza."

Bwana Peter akakunja karatasi yake taratibu.

"Nilitaka watu wa kuchukulia mambo kwa uzito," bibi akaendelea. "Sasa mtu anafika kwenye nyumba ambayo si yangu, anakieleza kijiji changu chote kwa mtu asiyemhusu, mpaka yule mtu anakishika. Mwiteni kijana aingie. Ila siku nyingine, wewe Zakaria, fika saa nane."

Dezire aliingia. Dada akapiga vigelegele, paka wa Bwana Gordon akasikia kule kwao. (Hilo la paka nimeongeza.) Tukala jibini inayonuka na wali wa dada. Bwana Gordon akamaliza chupa yake.

Sasa naombeni, kwa heshima ya umri wangu, mtu asicheke. Harusi itakuwa Louisville, na nitawahitaji nyote upande wangu, maana wakwe wameshachagua msemaji wao, si Bwana Peter tena. Ni Bwana Gordon. Na yule mzee, kwa kukataa, simwezi.