Kamati ya Kusimama kwa Waliolala

Taasisi moja ya mambo ya anga, jijini Moscow, ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba Naibu Waziri atakapoingia maabara, kila mtu atasimama. Kila mtu, pamoja na waliolala.

Daktari Rimma Arkadyevna, mwenye utafiti maabarani humo, alisikia akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Wanaume wanne walikuwa wakielea kwenye mahodhi ya maji ya uvuguvugu, juu ya turubai lisilopitisha maji, ili miili yao idhani iko angani. Alitaka kujua kwa nini chembe nyekundu za damu hufa kwa wingi mtu akiwa hivyo. Mmoja tu akisimama kabla ya kutolewa damu ya mwisho, kazi yote ingekuwa bure.

"Innokenty Savelyevich, wakisimama utafiti umekufa," alimwambia mkurugenzi.

"Mama, wasiposimama nimekufa mimi."

Kamati ikaundwa. Baada ya chai nyingi na keki za tangawizi, iliazimia kwamba mkurugenzi atasimama kwa niaba ya wote wanne, asikae mpaka mgeni amruhusu. Rimma akapenyeza kifungu kimoja: aingiaye hodhini hatoki bila ridhaa ya daktari. Mkurugenzi alisaini bila kusoma, kama ilivyo ada ya viongozi makini.

Naibu Waziri alifika siku ya kutoa ile damu ya mwisho.

"Humu kuna raha?" aliuliza.

"Raha tupu, mheshimiwa," alijibu Timur, mmoja wa wale wanne, kutoka hodhini. "Kazi ni kutoka."

Mheshimiwa akavua viatu, akaingia hodhi moja kati ya mawili yaliyokuwa matupu, apigwe picha. Punde si punde akawa anakoroma, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Mkurugenzi alisimama wima, jasho likimtiririka.

"Bosi, kaa kidogo," Timur alimwonea huruma.

"Sijaruhusiwa."

"Basi badilisha mguu. Huo wa kushoto ni wangu, unaniuma."

Alasiri mkurugenzi alianguka puu. Walinzi wakamlaza mahali pekee palipokuwa wazi, hodhi la mwisho. Alipozinduka, Rimma alikuwa amekwisha kuwatoa damu wote wanne, chupa ziko kifuani pake, anatabasamu.

"Nitoe!"

"Azimio lako linasema mpaka niridhie. Na damu ya viongozi sijawahi kuipima."

Naibu Waziri akafumbua jicho moja.

"Innokenty! Nani kakuruhusu ulale mbele yangu? Simama!"

"Hasimami mtu," Rimma alisema, akichukua sindano mpya. "Na wewe pia, mheshimiwa. Lete mkono."