Taarifa ya Mwisho ya Shamba la Mfano Namba Saba

Mheshimiwa Mke Wangu, mwenyekiti wa chumba hiki na mtunza vidonge mkuu. Mheshimiwa Binti Yangu, muuguzi, mwakilishi wa sekta ya afya, uliyenipa dakika kumi tu za kusema. Ndugu Dereva Mstaafu, uliyenipeleka kwenye semina zote ukalala katika zote. Na kwa namna ya pekee kabisa, mgeni rasmi, Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka, uliyeacha shamba wiki ya kupanda ukaja kunitazama. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja: dereva. Shemeji: "Mtu hata kukaa hawezi, lakini hotuba anaiweza!" Kicheko.)

Mchango wa mgeni rasmi umepokelewa na utafanyiwa kazi.

Nasimama mbele yenu nikiwa nimelala, ili kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa Programu Jumuishi ya Mageuzi ya Kilimo cha Kisasa na Uboreshaji wa Lishe ya Kaya, ambayo mimi mwenyewe, bila kujisifu, ingawa sijaona mwingine wa kunisifu, niliibuni, nikairatibu, nikaisimamia na hatimaye nikaitathmini, na katika tathmini hiyo huru nikajipa alama ya "bora sana". (Dereva: "Kweli kabisa, mzee, nilikuwepo.")

Mtakumbuka kwamba miaka kumi na minane iliyopita, katika ukumbi wa halmashauri, chini ya feni isiyozunguka, niliwaonyesha wadau kwa projekta jinsi Shamba la Mfano Namba Saba, kwa mahindi matupu, mbolea ya viwandani na dawa ya magugu, lilivyotoa magunia ishirini na mawili kwa ekari moja, ongezeko la asilimia mia moja themanini na tatu nukta nne. Na ile nukta nne, waheshimiwa, ndiyo iliyomaliza ubishi ukumbini, maana nani angedhani mtu anaweza kutunga hata nukta? Hapo ndipo nilipotamka kwamba kunde na mboga zinazotambaa kati ya mahindi ni uchafu wa shamba. (Shemeji: "Na ukanikodolea macho mimi! Kesho yake nikazing'oa zote kwa mikono hii, mstari kwa mstari, kwa sababu shemeji yangu msomi amesema.")

Mafanikio yaliyopatikana ni mengi. Miaka mitatu ya mwanzo mahindi yalistawi. Baada ya hapo mbolea ikabidi iongezwe, kisha iongezwe tena, udongo ukawa mgumu kama sakafu, minyoo ya ardhini ikahama bila kuaga, nyuki wakaacha kuja, na kijito cha nyuma ya nyumba, ambako mvua hupeleka kila tunachomwaga shambani, kikavaa utando wa kijani hata vyura wakanyamaza. Kwa upande wa lishe, kaya ya mgeni rasmi ilifikia kiwango cha juu cha kushiba na kiwango cha chini cha damu. (Binti: "Baba, hilo si la mzaha. Mjukuu wake nimempima mwenyewe. Nikamwambia mama mkubwa ampe kunde na mboga za majani, akaniuliza zinauzwa wapi.")

Zinauzwa wapi. Aliyeuliza hivyo ndiye aliyekuwa akigawia kunde mtaa mzima. Tangu binti yangu aniletee maneno hayo, waheshimiwa, chakula hakinipiti kooni, na madaktari wameandika ni ugonjwa.

(Shemeji: "Basi nijibu moja. Gunia la mbolea liko barazani, Ijumaa napanda. Hilo Namba Saba lenu mbona halikuchoka kama langu? Nipelekwe nikauone udongo wake kwanza.")

Swali zuri sana. Litajibiwa wakati wa kufunga.

Kabla ya hapo naomba kumtambulisha mdau aliyekaidi programu. Mke wangu hakuhudhuria semina hata moja. Mbegu za kunde alizopewa na mgeni rasmi mwaka ule ule amezipanda nyuma ya jiko kila msimu, na mimi, mkurugenzi, nilikuwa nikitoka kuhutubia dhidi ya kunde narudi nyumbani kuzila, tena naongezwa. (Mke wangu, akitoa kopo la mbegu chini ya kitanda: "Ulikuwa unalamba na sahani.")

Sasa nyanyueni mikono. Kunde! (Dereva, peke yake: "Zirudi!") Udongo! ("Upumzike!") Mkurugenzi! ("Mzee, hilo hatukulifanyia mazoezi.")

Kwa kumalizia, natoa shukrani za dhati kwa mgeni rasmi, kwa kuwa mwenyeji wa Shamba la Mfano Namba Saba. Eneo tulilotengewa kwa shamba hilo tulipanda magari ya ofisi, yameegeshwa hapo mpaka leo. Ripoti ilitakiwa Jumatatu. Jumapili tulipita kwako, ukatupa chakula, nami nikayahesabu magunia yaliyokuwa chini ya paa lako, nikapima ekari yako kwa hatua zangu. Ishirini na mawili. Yalikuwa mahindi yako, Shemeji, yaliyoota na kunde zako kwa samadi ya ng'ombe wako. Nilikutuma uige shamba ambalo ulikuwa nalo. Hakukuwa na namba saba, wala sita, wala moja. Nisamehe. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Shemeji analichukua kopo, analitikisa karibu na sikio, anamimina mbegu chache kiganjani.)

("Dereva, lile gunia la mbolea barazani kwangu utakuja kuliondoa leo," anasema. "Na wewe, shemeji, dakika zako zimekwisha, lakini usijifanye unaondoka. Majani ya kunde huchumwa baada ya wiki nne. Ya kwanza utayala kwangu, na safari hii utahesabu mbele yangu.")