Malalamiko Kuhusu Kadi ya Msimu Iliyoniketisha na Mkwe Wangu

Truphena Okwara,
Soko la Khunyangu,
Butula.

Kwa Meneja,
Bustani ya Paradiso Mpakani,
Barabara ya Malaba, Busia.

Bwana Meneja,

YAH: KADI YA MSIMU YA FAMILIA NA HASARA ILIYOLETA

Nakusalimu kwanza, maana nililelewa vizuri. Kisha nitakulaumu, maana nina sababu. Mimi ni mjane, muuza njugu na maharagwe katika soko la Khunyangu, na mwalimu wa Sunday School tangu wazazi wa watoto wa sasa wakiwa watoto. Si mtu wa kulalamika. Barabara yetu ilipochimbwa ikaachwa hivyo hivyo, nilinyamaza nikazunguka mashimo. Lakini hili lenu limenishinda kuzunguka.

Mwezi wa nane binti yangu Velma, anayefanya kazi ya nyumba kule Doha, alinunua kwa simu Kadi yenu ya Msimu ya Familia. Tangazo lenu lilisema: "Lipa mara moja, furahi mpaka Desemba." Akaandikisha watu wanne: mimi, wasichana wake wawili Cindy na Adeke, na baba yao Oluka. Huyu Oluka anaishi na watoto huko Malaba, na kazi yake ni kushona maturubai ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Velma alitaka tuwe pamoja, atumiwe picha, aone watu wake. Mtoto akikaa mbali sana husahau mambo mengine. Huyu wangu alisahau kwamba mimi ni mama mkwe wa Oluka.

Sijui wewe umetoka wapi, Bwana Meneja. Huku kwetu Waluhya, na hata kwa Wateso ambako Oluka ametoka, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Akiniona njiani kwanza, anaingia kwenye mahindi ya watu. Nikimwona mimi kwanza, naingia mimi. Hiyo ndiyo heshima, na haijawahi kumdhuru mtu, isipokuwa wenye mahindi. Tukiwa na neno la kuambiana, linapitia kwa Roselyn, dada ya marehemu mume wangu. Basi sikiliza sasa.

1. Naanza na thamani. Watu wenye akili wanauliza lipi bora, tiketi ya siku au kadi ya msimu. Nimefanya biashara maisha yangu yote, na jibu ninalo. Kadi ni nafuu ukija mara nyingi, na ni wizi ukija mara moja. Yaani mnamlazimisha mtu afurahi. Mimi sikuwa na haja hiyo. Lakini kitu kilicholipiwa siwezi kukiacha kioze, kwa hiyo kila Jumamosi, siku ambayo wateja ni wengi, nimefunga kibanda changu nikaja kwenu kufurahi kwa nguvu. Njugu zangu zimelala mpaka zimeanza kunuka. Wateja wamehamia kwa jirani yangu, ambaye hana kadi ya kitu chochote na anazidi kunenepa.

2. Pili, hivyo vitu vyenyewe. Mna mteremko wa maji, ambao watu wanapiga foleni ili waloweshwe. Ndugu zangu wa Rukala huletewa maji na mto Nzoia mpaka kitandani, na hakuna aliyewahi kuwakatia tiketi. Mna Nyumba ya Mizimu. Nilipoingia, mzimu ulinirukia ukipiga kelele, kisha ukasimama, ukavua uso, ukasema, "Mulembe mama! Njugu ni ngapi siku hizi?" Alikuwa ni Brayo, niliyemfundisha Amri Kumi. Mtu amelipa aogopeshwe, anaulizwa bei ya njugu! Na hilo gurudumu lenu kubwa linampandisha mtu juu, linamzungusha, linamrudisha palepale alipopandia. Kwa nauli hiyo ningepanda boda mpaka ziwani, nikarudi na samaki wa kuonyesha nilikokuwa.

3. Tatu ni lango. Sheria yenu inasema wote walio kwenye kadi moja lazima waingie pamoja. Ukiitazama picha ya kadi yetu utaona watoto wanacheka, Oluka amegeukia ukuta, na mimi nimefunika uso kwa mkoba. Askari wenu wa lango wanatuita "ile familia ya wezi." Ili tuingie pamoja bila kutazamana, Oluka huingia kinyumenyume, na Jumamosi moja aliangukia meko ya mama wa mahindi choma. Hayo nilivumilia. Ndani ya bustani yeye alikuwa anakaa upande unaoelekea Uganda na mimi upande wa huku Kenya, watoto wakikimbia katikati, na mambo yalikuwa yanaenda.

4. Sasa nafika kwenye kidonda chenyewe. Jumamosi iliyopita Cindy na Adeke walikimbilia kikapu cha mbele cha lile gurudumu, wakajazana na watoto wengine. Mimi nikapanda cha nyuma yao. Nikipanda kitu chochote kinachoondoka ardhini nafumba macho na kusali Baba Yetu, hata kama ni trekta. Kijana wenu wa gurudumu, Ojakol, akaona kadi ni moja na kikapu kina nafasi. Akamshika Oluka, akamsukuma ndani na kufunga komeo, akisema, "Ingia boss, usicheleweshe watu, si huyu ni mama yako?" Nilipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" nilisikia mtu anahema. Nikafumbua macho. Mkwe wangu alikuwa ameketi mbele yangu, magoti kwa magoti, na ardhi ilikuwa imeshatuacha.

Tulipofika juu kabisa, stima ikapotea.

Naomba ufikirie hali hiyo pole pole, Bwana Meneja, kwa sababu mimi niliifikiria pole pole. Oluka alivua koti akajifunika kichwa chote. Mimi nilifungua mwavuli wangu nikauweka katikati yetu. Tukakaa hivyo, juu ya Busia nzima, na huko chini Ojakol alikuwa anaipiga jenereta mateke na kuitukana kwa Kiteso.

Mila inakataza kuzungumza na mkwe. Kuzungumza na mwavuli haikatazi. Alianza yeye. Kutoka ndani ya koti alisema, "Mwavuli, ambia mama asiogope. Hii kitu itashuka tu." Nikauagiza mwavuli umjibu kwamba Truphena haogopi. Kisha, kwa kuwa nafasi ilikuwa imepatikana, nikauagiza umuulize kwa nini wajukuu wangu wanalala njaa.

Hapa lazima nikueleze. Roselyn alikuwa ameniletea habari kwamba Oluka anashinda kwenye pombe, kwamba watoto wanakula kwa majirani, na kwamba nywele za wasichana zinasukwa na mwanamke fulani ambaye yeye Roselyn, kwa utu wake, hawezi kumtaja. Neno likipita kwa Roselyn hufika na chumvi yake, hilo nalijua. Hata hivyo niliamini. Nikatangaza kanisani, mbele ya watu, kwamba Januari nitawachukua watoto waje kukaa na kusoma Khunyangu, na Oluka akapelekewa taarifa hiyo na Roselyn huyo huyo. Hakujibu. Nami nikasema, umeona? Mwenye hatia hana mdomo.

Koti lilisogea karibu na mwavuli. Halafu likasema, "Mwavuli, ambia mama hakuna mwanamke. Mimi ndio nasuka. Nilifunzwa na mama moja wa salon hapo Malaba, nikamshonea turubai ya kibanda yake. Mara ya kwanza Cindy alilia, na mimi nikalia. Saa hii naweza hata ile ya kuzunguka. Pombe nilikunywa matanga ya baba yangu, basi. Na kula, wanakula. Ugali yangu si kama ya Velma, lakini wanakula."

Nikachungulia kwa pembeni, chini, kwenye kikapu cha mbele. Niliona vichwa vya wajukuu wangu. Nimelea mabinti na kuwasuka wote mwenyewe, mkono wa mtu naujua. Mistari ilikuwa imenyooka, imebana vizuri, haina haraka ndani yake. Ulikuwa ni mshono wa mtu wa maturubai.

Ndipo akasema neno la mwisho. "Mwavuli, uliza mama tu. Watoto wakienda Khunyangu, jioni mimi nitakuwa napikia nani?"

Nikauvuta mwavuli karibu na uso wangu. Niliona aibu, Bwana Meneja, aibu ya mtu mzima, na popote kwenye kadi yenu hamkuandika kwamba hiyo nayo imo kwenye bei. Jenereta ikakubali kuwaka. Tulipofika chini, Oluka aliruka kabla kikapu hakijasimama, akapotelea nyuma ya vyoo.

5. Kabla sijafika nyumbani, habari zilikuwa zimenitangulia. Kuna watu walioturekodi kwa simu, na video ilishaonwa kutoka Busibwabo mpaka mlangoni pangu. Wazee wa upande wetu wakakaa, wakasema mama mkwe na mkwe kufungiwa kwenye sanduku moja ni jambo la mbuzi wa kusafisha kosa. Wazee wa Oluka nao wakakaa, wakasema ni mbuzi na mtungi wa pombe ya wimbi. Kisha wote wakakaa pamoja wakashindwa kuelewana, kwa sababu mzee mmoja alisema tulikuwa juu kiasi kwamba kosa liliangukia Uganda, kwa hiyo mbuzi anunuliwe Uganda, ambako bei ni nzuri. Mpaka leo wanakaa, na wanakaa kwangu, na chai wanayokunywa ni yangu. Sasa wewe chukua kadi yenu ya nafuu, weka mbuzi juu yake, weka pombe, weka sukari ya wazee, kisha uniambie kwa uso mkavu kwamba nimeokoa kitu.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima mtoe mbuzi wawili wenye afya. Naomba pia mjenge lango la mama wakwe peke yao, na mtie pazia kwenye vikapu vya gurudumu. Pazia likiwa gharama, basi jengeni gurudumu la pili linalozunguka kinyume na la kwanza, ili mama mkwe akiwa anapanda, mkwe awe anashuka. Na kuanzia sasa, mtu akitaka kununua kadi ya familia, aulizwe ukoo wake mbele ya wazee wawili walioapishwa, ambao bustani itawalisha. Mwisho, nirudishiwe pesa za majuma yaliyobaki.

Nisipopata majibu, Jumamosi ya kwanza ya Desemba nitaleta akina mama wa kanisa letu. Hatutakuwa na mabango wala kelele. Tutaketi tu langoni kwenu na vitambaa vyetu vya kufuma. Sisi sote ni mama wakwe, Bwana Meneja, na tumeoza mabinti kuanzia Budalang'i mpaka Malaba. Utatafuta mwanamume wa kupita hapo, hutampata. Watakuwa kwenye mahindi.

Nisalimie askari wa lango, na mama wa mahindi choma, nasikia alipata meko mapya. Msalimie Ojakol, mwambie jenereta haielewi matusi. Brayo mwambie hata mizimu inatakiwa kanisani Jumapili. Wasalimie wafanyakazi wote na familia zao, na wewe mwenyewe umsalimie mama mkwe wako, kwa kupitia mtu.

Ni mimi niliyekasirika kwa adabu,

Truphena Okwara

Baada ya sahihi:

Bwana Meneja, nimeisoma barua hii tena kabla ya kuitia gundi. Mbuzi usilete. Pesa usirudishe. Hilo gurudumu la pili pia liache. Kadi yetu ikiisha Desemba, naomba uiongeze mwaka mzima, majina yale yale manne, kwenye kadi ile ile moja, nami nitalipa mwenyewe.

Nina haja moja tu ya kweli, na nimezunguka sana kabla ya kuifikia. Oluka huja hapo kila Jumamosi na watoto. Mimi siwezi kumwambia neno, mila ni mila, na nikiwa chini ardhini sina udhuru wa gurudumu. Roselyn sitampa neno tena. Velma sitaki ajue kwamba niliwahi kuwaza kumnyang'anya mumewe watoto, yeye akiwa mbali akiwatafutia. Umebaki wewe, ambaye si mkwe wa mtu yeyote hapa. Mvute kando umwambie watoto wanakaa kwake. Nasikia ameshafunga nguo zao kwenye begi, anasubiri Januari. Mwambie azitoe.